Kifo Kisicho na Kaya

Walimwita Redio, na si kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Alianza kusema akiwa na meno mawili, na tangu hapo hakuna aliyewahi kupata mahali pa kumzimia. Shuleni alitolewa nje ya darasa mara nyingi kuliko takataka. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwalimu wake wa jiografia alimwambia kwamba kama mtihani ungekuwa wa mdomo, angekuwa daktari. Mtihani ulikuwa wa maandishi. Kwa hiyo akakaa kwa mama yake, akiuza vocha za simu na maneno, hadi tangazo la kutafuta makarani wa sensa lilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa.

Mafunzo yalifanyika katika darasa lile lile alilokuwa akitolewa. Msimamizi wa makarani naye alikuwa mwalimu yule yule wa jiografia, mama mwenye miwani mizito, ambaye alipoiona sura ya Redio mlangoni aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Sura ikawa bado ipo.

"Wewe ndiye umepita usaili?"

"Usaili ulikuwa wa mdomo, Mwalimu."

Wakafundishwa kwamba nchi kubwa kama yao, yenye watu wa kila lugha na kila dini, wa milimani na wa visiwani, wenye maghorofa na wanaolala chini ya meza za soko, haihesabiwi kwa kuwaita watu uwanjani wanyooshe mikono. Inahesabiwa kaya kwa kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Na kila mtu anahesabiwa pale alipolala usiku mmoja uliochaguliwa, ili wasiotulia wasihesabiwe mara mbili. Redio akauliza kama mtu aliyekesha naye anahesabiwa. Mwalimu akasema anahesabiwa pale alipokesha, na kama alikesha akiongea, Mungu awape subira waliokuwa naye. Darasa likacheka. Redio ndiye aliyecheka zaidi.

Swali la vifo lilikuwa karibu na mwisho wa dodoso. Mwalimu alilisoma polepole. Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mwanakaya yeyote aliyefariki? Kama marehemu ni mwanamke wa umri wa kuzaa, karani anaendelea: alikuwa mjamzito, alikuwa akijifungua, au alikuwa bado hajamaliza wiki sita tangu ajifungue?

"Hapa ndipo serikali inapojua akina mama wanafia wapi," Mwalimu alisema. "Wodi za wazazi zinapangwa kwa majibu haya. Mahali pasipo na kifo kwenye takwimu, wao wanajua pana afya njema."

Redio akainamisha kichwa juu ya dodoso. Waliokaa naye dawati moja waligeuka kumtazama, wakidhani amesinzia.

Dada yake, mkubwa wake kwa miaka minne, alikuwa amekufa mwaka ule ule. Uchungu ulimshika jioni, na zahanati ya mtaa hufungwa alasiri, kana kwamba watoto nao wana saa za kazi. Mumewe alikuwa safarini. Baba mwenye nyumba, fundi seremala, alimpandisha kwenye mkokoteni wake wa mbao, akausukuma kuelekea hospitali kuu, ng'ambo ya mji. Mtoto alizaliwa juu ya mkokoteni, mzima, na sauti ya kutosha mtaa. Mama yake akaendelea kutoka damu hadi hapakuwa na haja ya kuendelea kusukuma.

Jioni ile ya mafunzo Redio alirudi nyumbani akikimbia. Mama yake alikuwa ameketi pale alipoketi siku zote tangu msiba, kwenye stuli karibu na mlango, mkono shavuni. Zamani ulimi wa Redio ulijulikana ulikotoka, maana Mama naye alikuwa hodari wa maneno. Siku hizi aliyatoa kwa kipimo.

Redio akamweleza swali lote, na wiki sita zake.

"Wataandika jina lake?" Mama akauliza.

"Jina hawalitaki. Wanataka umri wake na kilichomuua."

"Jina tunalo sisi. Hicho kingine ndicho wakijue wao." Mkono ukatoka shavuni. "Na wodi italetwa?"

"Kwa mtu mmoja hawaleti, Mama. Lakini wetu atakuwemo kwenye hesabu."

"Una hakika?"

"Karani wa mtaa huu ni mimi. Nani mwingine atamwingiza?"

Mama akasimama. Siku zilizofuata alifua mapazia. Alikitoa sandukuni kitambaa cha meza alichokifuma Dada akiwa shule ya msingi, chenye maua manne na jingine la tano lililoharibika likaachwa hivyo hivyo. Akakitandika kama mtu anayengoja wageni wa posa. Wapangaji wenzake walimsikia akiimba akiosha vyombo, wakatazamana.

Siku ya sensa Redio alivaa kizibao cha kung'aa na kitambulisho kifuani, kishikwambi mkononi, akaingia mtaani kama waziri. Kazi ilikuwa kama ameumbiwa yeye. Mzee mmoja alikubali kujibu yote isipokuwa idadi ya wake zake, hadi aelezwe ni yupi kati yao angeyaona majibu. Mama muuza mitumba aliambiwa ataje umri, akasema andika thelathini, tuendelee.

"Mama, mwanao wa kwanza umesema ana ishirini na sita."

"Nilianza mapema. Andika."

Saa nne alifika kwa fundi seremala. Fundi alikuwa uani akipiga randa, na mkokoteni umeegemezwa ukutani, umesuguliwa hadi mbao zake zimekuwa nyeupe. Walisalimiana bila kutazama upande ule. Kaya ya fundi ilikuwa na watu saba na hakuna aliyefariki.

"Yule alikuwa mpangaji," Fundi alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Chungu chake mbali na changu. Ningekuwa na ruhusa, ningesema mimi. Nani anajua kuliko mimi?"

"Najua, Fundi."

Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa na wapangaji wapya, mume na mke ambao bado walikuwa wakichekeana bila sababu. Ukuta uliokuwa wa bluu walikuwa wameupaka rangi ya waridi. Msumari wa kioo cha Dada ulikuwa pale pale, sasa umetundikwa mfuko wa vitunguu. Redio alipewa kiti. Aliuliza majina, umri, elimu, choo cha aina gani, taa ya aina gani. Kisha akafika.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mwanakaya yeyote aliyefariki?"

"Hapana, kaka," mume akajibu. "Sisi wenyewe hapa tuna miezi mitano. Hatujafiwa hata na panya, na tunawatafuta."

Mke akacheka. Redio aliyekuwa akicheka na kila mlango tangu asubuhi akabaki na kidole hewani.

"Hapa ndani hakuna?"

Mke akaacha kucheka. "Kwani hapa ndani alikufa mtu?"

"Si ndani. Njiani."

Wakatazamana. Mume akasema baba mwenye nyumba hakuwaambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefikiria kodi. Redio akabonyeza *Hapana*, akawashukuru, akatoka uani na kumpigia simu Mwalimu.

"Nimefika kwa Dada, Mwalimu. Kuna watu wengine."

Mwalimu alikuwa amehudhuria mazishi. Hakuhitaji kuelezwa Dada ni nani. "Mumewe je?"

"Yuko na lori, barabarani. Vyumba alivirudisha. Mtoto yuko kwa shangazi yake, dada wa shemeji."

"Basi kaya imevunjika," Mwalimu alisema. "Kifo kinatajwa na kaya kilikotokea. Kaya isipokuwepo, hakuna wa kukitaja."

"Kwa hiyo hakufa."

"Alikufa, mwanangu. Ila huku kwenye takwimu…" Mwalimu hakumalizia. Katika miaka minne ya kumtoa nje, hakuwahi kumwita mwanangu, na Redio akajua hali ni mbaya.

"Yaani aliyekufa nyumba ikabaki imesimama, huyo anahesabika. Aliyekufa na nyumba ikamfuata, huyo basi."

"Nchi nzima tatizo hilo lipo. Wanalijua. Mjaribu mumewe."

Shemeji, dereva wa malori ya masafa, alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Shem, umehesabiwa?"

"Alfajiri, kwenye foleni ya mizani. Nimelala, binti akagonga kioo. Nikadhani askari, nikatoa leseni."

"Akakuuliza nini?"

"Umri. Nimezaliwa wapi, nimesoma mpaka wapi. Akauliza nina mke. Nikasema nilifiwa."

"Akauliza alikufaje?"

"Hapana. Akabonyeza, akaenda lori la nyuma. Sisi wa njiani dodoso letu fupi." Kutafuna kukakoma. "Kwani nilitakiwa niseme? Malori yalikuwa yanapiga honi, Shem. Ningesemea wapi?"

"Hukutakiwa. Nauliza tu."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambieni nakuja mwisho wa mwezi." Alikuwa akija mwisho wa mwezi tangu matanga yalipoanuliwa. Kila mwezi ulikuwa na mwisho wake, na lori lilikuwa mahali pengine.

Redio alimaliza nyumba tatu nyingine bila mzaha hata mmoja, na watu wakamwuliza kama anaumwa. Mchana alipitia nyumbani. Mama alikuwa kwenye kiti, si kwenye stuli, kaketi wima mbele ya kitambaa chake kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Ameingia?"

"Bado." Redio akaweka kishikwambi mezani, juu ya ua lililoharibika. "Mama, itabidi aingie kupitia hapa kwetu."

Akamweleza, kwa haraka, kama anayeuza kitu kibovu. Kule kwa Fundi hakuna tena kaya. Shemeji hakuulizwa. Imebaki kaya yao wenyewe, ambayo karani huihesabu mwisho. Angeandika kwamba Dada alikuwa mwanakaya hapa. Ila kila kifo cha uzazi msimamizi hurudi mwenyewe kukiuliza, na Mwalimu, kwa alivyomjua, angefumba jicho, kwa sharti moja tu: aulizapo, Mama ajibu.

"Nijibu nini?"

"Kwamba alikuwa akiishi hapa. Nasi."

"Na mumewe?"

"Mumewe haulizwi."

"Kwa hiyo alikuwa ameachika."

"Si kuachika, Mama. Ni mashine tu. Haimjui mtu."

"Mimi namjua." Mama hakupaza sauti. "Alitoka hapa mchana kweupe, na sanduku lake, watu wanaona. Vyungu vyake alinunua mwenyewe. Alipokosana na mumewe, alikuja hapa, nikampa chai, nikamrudisha kabla haijapoa. Leo niseme alikuwa hapa, kalala na sisi, kama mtu aliyeshindwa na nyumba? Nimvunjie ndoa mimi, na yeye hayupo hata anijibu?"

"Mama, wodi."

"Wodi naitaka kuliko wewe." Alikisogeza kishikwambi kutoka kwenye ua, taratibu, kama anayehamisha mtoto aliyelala. "Mtafute kule kwake."

"Kwake hakupo tena."

"Basi tafuta palipobaki."

Palibaki mahali pamoja. Redio alipakumbuka akiwa mlangoni, akageuka. Kwa kila mtoto, dodoso linauliza kama mama yake mzazi yuko hai. Jibu la hapo halimletei mtu wodi. Halisemi alikufa lini wala na nini. Lakini lingekuwa alama. Mahali fulani katika mamilioni yale, pangekuwa na mstari wa mtoto mchanga, na mbele yake *hapana*, na hiyo *hapana* ingekuwa Dada.

"Mtoto atamsemea," alimwambia Mama. Mama akaitikia kwa kichwa, akaketi tena wima.

Shangazi wa mtoto aliishi ng'ambo ya barabara, eneo la karani mwingine. Alikuwa msusi. Redio alimkuta kibarazani amesimama nyuma ya mteja, kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama kama kimeshtuka, na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga, akivuta sikio la Shangazi kwa bidii.

"Mjomba mtu huyo," Shangazi alimwambia mtoto. "Kavaa nguo ya taa ili asigongwe."

"Karani wenu ameshapita?"

"Tangu asubuhi. Binti mzuri. Hana maneno."

"Mtoto aliandikwaje?"

"Kama mtoto. Ulitaka aandikwe kama kabati?"

Mteja akacheka. Redio akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi.

"Uhusiano wake na mkuu wa kaya?"

"Mtoto wangu."

"Walikuuliza kama mama yake mzazi yuko hai?"

Vidole vya Shangazi vikasimama ndani ya nywele. Mteja naye akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa mtaa ule, msiba aliujua.

"Waliuliza," Shangazi alisema.

"Ukasema?"

"Nikasema yuko hai. Amesimama hapa, anakusuka wewe," akamgusa mteja begani, lakini hakuwa akimwambia yeye.

"Mzazi, Shangazi. Waliuliza mzazi."

"Nilisikia. Sina masikio ya kuvutwa tu." Akausogeza mzigo mgongoni. "Nilikuwa nimembeba hivi hivi. Hajaanza kusema, lakini anasikia. Binti wa watu kasimama hapo na mashine yake, ananiuliza mbele ya mtoto kama mama yake amekufa. Nimjibu ndiyo, amekufa? Siku ya kuambiwa ipo, nami nitamwambia, mimi na yeye, mlango umefungwa. Leo acha avute sikio akijua ni la mama."

"Inaweza kurekebishwa. Nikimpigia yule binti, anarudi."

"Mpigie arudi. Atanikuta nimembeba. Nitasema vile vile." Kisha, kwa sauti nyingine: "Nimeharibu kitu?"

Mtoto alikuwa amekiona kizibao. Aliachia sikio, akanyoosha mkono wenye mate kuelekea ule mng'ao, akacheka. Cheko lile Redio alilijua. Lilikuwa na mkwaruzo mwishoni, kama mlango wa kabati la zamani la nyumbani, na zamani alikuwa akilichokoza kwa Dada makusudi, Mama akiwa jikoni akiwaambia wanyamaze.

"Hujaharibu," alisema. Alimpa mtoto pindo la kizibao, akamwacha alitafune hadi lilipolowa, kisha akaenda kumalizia mtaa.

Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi. Mama hakuuliza. Alimtazama alivyokuwa akivua viatu, akapata jibu. Redio akavuta stuli nyingine, akakaa upande wa pili wa meza, akafungua kaya ya mwisho.

"Mkuu wa kaya?"

"Unaniuliza mimi?"

"Lazima niulize."

Akamjibu yote. Walikuwa wawili. Alizaliwa wapi, alisoma mpaka wapi. Alizaa watoto wangapi walio hai: mmoja, na yuko hapa anauliza. Wasio hai: mmoja. Redio akainua kichwa.

"Hapo mbona ameingia?" Mama akauliza.

"Hapo wanahesabu waliowahi kufa wote, Mama. Wa juzi na wa miaka hamsini. Mtu mzima au kichanga, njia ni moja. Hawaulizi lini wala na nini."

"Basi hapo si yeye."

"Hapo ni tarakimu."

Likaja swali lenyewe. Redio akajaribu kulipita. Kishikwambi kikakataa, kikaweka mstari mwekundu na kungoja. Akalisoma kwa sauti ambayo Mama hakuwa ameisikia kwake, sauti isiyo na mtu ndani.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mwanakaya yeyote wa kaya hii aliyefariki?"

"Wa kaya hii," Mama akarudia.

"Wa kaya hii."

Mama alikilaza kiganja juu ya ua lililoharibika. Redio akamngoja, na kwa muda mfupi alitamani aseme ndiyo, aseme tu, ndoa ivunjike, mengine watayajua huko mbele.

"Hapana," Mama alisema.

Akabonyeza. Kishikwambi kikatoa mlio mdogo wa furaha, na maandishi ya kijani: *Kaya imekamilika.*

"Kinasemaje?"

"Kinasema asante."

Mama akaondoa vikombe, akakunja kitambaa mara mbili, akakirudisha sandukuni, akafunga. Aliporudi alipita kiti, akaenda kukaa kwenye stuli ya mlangoni.

"Mtaa mzima," akauliza akiwa amempa mgongo, "waliokufa kwa uzazi wametoka wangapi?"

"Hakuna, Mama."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja."

Mama akafikiria hilo, akitazama barabara ambayo mkokoteni ulipita.

"Basi tuna afya njema," alisema, na mkono ukarudi shavuni.

Ulikuwa mzaha wa kwanza aliousema tangu msiba, na ulikuwa mkali kuliko yote ya Redio. Lakini aliyekuwa akiicheka mizaha ya Mama, hata ile mibaya, hata yenye kuuma, alikuwa Dada. Redio akachukua chaki, akatoka kwenda kuandika mlangoni kwamba nyumba hii imehesabiwa.